Ng'ambo ya Magharibi: Siku Moja katika Makaburi ya Thebes

Mji wa Luxor, ulioko Misri ya Juu yapata kilomita 650 kusini ya Kairo, umejengwa juu ya ukingo wa mashariki wa mto Nili, na kila asubuhi, kabla jua halijapata makali yake, kivuko hung'oa gatini kikiwa kimepakia wafanyakazi, wanafunzi, wachuuzi wa mboga na wageni, kikaelekea ng'ambo ya magharibi ambako watu wa kale walizika wafu wao. Mji huu ndio ulioitwa Waset na wenyeji wake wa kwanza, na Thebes na Wayunani, nao ulikuwa makao ya mungu Amun na mji mtukufu wa dola ya Misri kwa karne nyingi. Na itikadi ya watu wake ilikuwa kwamba walio hai wakae upande linakochomoza jua, na waliokufa wapelekwe upande linakotua. Kwa hiyo mgeni anayevuka mto asubuhi anafuata njia ile ile waliyopitishwa wafalme katika majeneza yao, ila yeye ana matumaini ya kurudi jioni.

Waelekezi wa Luxor wana utaratibu wao wa siku, wanaoushika bila ya ikhtilafu kubwa: kwanza sanamu mbili za kando ya barabara, kisha Bonde la Wafalme wakati mawe yangali baridi, kisha hekalu la malkia Hatshepsut kabla ya adhuhuri, na baada ya hapo, ikiwa wageni hawajachoka, kijiji cha mafundi na hekalu la Medinet Habu. Utaratibu huo umewekwa kwa kuliogopa jua, lakini waifaa taarikhi vile vile, kwa kuwa humchukua mtu kutoka kwenye fahari ya wafalme ukamfikisha kwa watu walioitengeneza fahari hiyo kwa mikono yao; na wengi wanaokatiza matembezi adhuhuri, wakarudi hotelini kupumzika, huondoka wameona nusu ya mambo tu.

Sanamu zile mbili ni za mfalme Amenhotep wa Tatu, aliyetawala katika karne ya 14 K.K. Zimekaa kitini zikiuelekea mto, kila moja ina kimo cha mita 18 hivi, na nyuma yake lilisimama hekalu la mfalme huyo, ambalo zilzala, mafuriko na watu wenye haja ya mawe ya kujengea vililimaliza, hata leo wachimbaji wanayatafuta mabaki yake chini ya udongo wa mashamba. Zilzala ya mwaka 27 K.K. iliipasua sanamu ya kaskazini, na tangu hapo ikawa yatoa sauti wakati wa mapambazuko, nao Wayunani na Warumi, waliodhani kuwa huyo ni shujaa wao Memnon akimwamkia mama yake Alfajiri, walikuja kutoka mbali ili kumsikia. Kaisari Hadrian alifika mwaka 130 pamoja na mkewe, na bibi mmoja wa msafara wao, Julia Balbilla, alichorewa mashairi yake juu ya mguu wa sanamu, ambako yangali yakisomeka. Yaaminiwa kwamba Kaisari mwingine, Septimius Severus, aliamuru jiwe litengenezwe kwa heshima, na tokea siku lilipotengenezwa halikusema tena.

Kutoka hapo barabara huingia milimani. Wafalme wa zamani zaidi walikuwa wamezikwa chini ya mapiramidi, na piramidi, pamoja na adhama yake yote, ina aibu moja kubwa, kwamba humwonyesha mwizi mahali pa kuchimba. Na mwizi alikwisha onyeshwa vya kutosha kabla ya kuja nasaba ya 18. Basi wafalme wa nasaba hiyo wakaona bora kujificha. Ineni, aliyekuwa msimamizi wa majengo wa Thutmose wa Kwanza, ameandika katika kaburi lake mwenyewe kwamba alisimamia peke yake kazi ya kulichimba kaburi la bwana wake, pasi na mtu kuona wala kusikia. Bonde walilolichagua ni kavu, halina mti wala kisima, na juu yake kimesimama kilele cha jabali kiitwacho el-Qurn, chenye umbo la piramidi, kana kwamba maumbile yamewajengea wote alama moja isiyomfichua yeyote. Humo yamehesabiwa makaburi na mashimo zaidi ya 60, si yote ya wafalme, na tarakimu zinazotumika hadi leo zilianzishwa na Mwingereza John Gardner Wilkinson mwaka 1827, alipopita mlango kwa mlango akiyaandika makaburi yaliyojulikana wakati ule.

Mwelekezi mwema hawapeleki wageni wake katika kaburi lililokamilika kuliko yote, bali huwaomba kwanza washuke pamoja naye katika kaburi la Horemheb, ikiwa limefunguliwa, kwa sababu kaburi hilo liliachwa kabla ya kwisha. Kazi iliyokwisha humficha fundi wake, na hii haikwisha. Katika chumba cha jeneza ukuta mmoja umepigwa mistari ya kupimia, mwingine una picha za miungu zilizochorwa kwa wino mwekundu na mkono wenye haraka, na juu ya wino mwekundu umepita wino mweusi wa mkono wa pili, wa bwana fundi bila ya shaka, akisahihisha hapa bega, pale mwendo wa nyoka, na kuisogeza herufi iliyokaa upande. Hatua chache mbele mchongaji amekwisha anza kuufuata mstari mweusi kwa patasi, akaishia njiani. Hakuna aliyeandika jina lake pale. Lakini mtu akisimama mbele ya ukuta ule ameona darasa zima, mwanafunzi, mwalimu na mchongaji, likiwa limekatizwa na habari kwamba mfalme amefariki, maana kazi ya kaburi ilikoma siku mwenyewe alipolihitaji.

Kaburi la Tutankhamun ndilo wageni wote wanaloliulizia, nalo ni dogo, lina vyumba vinne tu. Mfalme huyo alikufa akiwa hajatimiza umri wa miaka 20, na miaka mia mbili hivi baadaye mafundi waliokuwa wakichimba kaburi la Ramesses wa Sita, lililo juu yake, walijenga vibanda vyao vya mawe juu ya kifusi kilichoufunika mlango wake, wakala, wakapumzika na kunoa patasi zao wasijue wamekalia nini. Vibanda hivyo, pamoja na kifusi, vililinda khazina kuliko mihuri na walinzi wote. Howard Carter, akichimba kwa gharama ya Lord Carnarvon, alikuwa amelitafuta kaburi hilo kwa miaka kadha wa kadha, na alipoviondoa vibanda vya mafundi, tarehe 4 Novemba 1922, kikaonekana kipandio cha kwanza cha ngazi. Vitu vilivyotolewa vilizidi 5,000, na kuvitoa, kuvitia dawa na kuvisafirisha Kairo kulichukua miaka 10.

Upande wa pili wa mlima huo, pale majabali yanaposimama kama ukuta wa rangi ya asali, liko hekalu la Hatshepsut huko Deir el-Bahari, lenye madaraja matatu yanayopanda moja nyuma ya jingine hadi kwenye jabali lenyewe. Hatshepsut alikuwa mjane wa Thutmose wa Pili, na kwanza alishika utawala kwa niaba ya mtoto wa mumewe aliyekuwa mdogo, kisha akavaa taji na kila alama ya ufalme, hata ndevu za bandia, akatawala hadi yapata mwaka 1458 K.K. Katika mwaka wake wa tisa aliamuru safari ya Bahari ya Sham kwenda nchi ya Punt, na habari za safari hiyo zimechongwa katika ukumbi wa daraja la pili, upande wa kusini. Wanazuoni wengi huiweka Punt katika pande za Eritrea, Uhabeshi na Somalia. Na mtu wa pwani yetu atakayesimama mbele ya ukuta ule hatahitaji mkalimani kuitambua shehena, kwa kuwa ni manemane, mpingo, pembe za ndovu, ngozi za chui, dhahabu na nyani walio hai, bidhaa zile zile zilizoendelea kushuka katika bandari za upande huu wa bahari kwa maelfu ya miaka.

Wachongaji walikuwa na macho mepesi. Wamezionyesha nyumba za Punt zilizoinuliwa juu ya nguzo na ngazi zake za kupandia, chini ya mitende, na samaki wa baharini wakielea chini ya jahazi tano, kila mmoja kwa umbo lake, hata wataalamu wa leo huzitambua jinsi zake. Wamemwonyesha mkuu wa Punt, Parahu, akija kuwapokea wageni pamoja na mkewe Ati, bibi mwenye unene wa kustaajabisha, na nyuma yao wakamchora punda, na juu yake wakaandika kwamba huyo ndiye anayembeba bibi. Miti hai ya manemane, 31 kwa hesabu yao, imetiwa vikapuni pamoja na mizizi na udongo wake na kuchukuliwa mabegani hadi kwenye jahazi. Malkia mwenyewe, hata hivyo, katika sehemu nyingi za hekalu lake ameondolewa: sura yake imegongwagongwa kwa patasi, na jina lake limefutwa kwa amri iliyotoka miaka mingi baada ya kufa kwake, wakati Thutmose wa Tatu, yule mtoto, alipokuwa mfalme mzee. Patasi zile zilitumwa, nazo zilifanya kazi kwa uvivu, maana umbo la aliyefutwa bado laonekana, na kwa uvivu huo sisi tumempata tena.

Hapa ndipo wengi hurudi. Wanaobaki hupelekwa bondeni nyuma ya kilima kidogo, kwenye kijiji cha Deir el-Medina, ambacho kwa macho ya mpita njia ni kuta za mawe zilizofika kiunoni, nyumba kama 70 zimebanana ndani ya ukuta mmoja na njia nyembamba katikati. Kijiji kilianzishwa mwanzoni mwa nasaba ya 18 kwa ajili ya mafundi wa makaburi ya kifalme pamoja na wake na watoto wao, na kilikaliwa kwa miaka karibu 400. Hakikuwa na maji. Punda waliyapandisha kutoka bondeni kila siku. Wakati mmoja wanakijiji walijaribu kuchimba kisima kikubwa, wakashuka makumi ya mita wasiyaone maji, wakalifanya shimo kuwa jaa. Na Mfaransa Bernard Bruyère, aliyekichimbua kijiji hiki tangu mwaka 1922 hadi 1951, alipolifikia jaa hilo alikuta ndani yake maelfu ya vigae na vibanzi vya mawe ya chokaa vilivyoandikwa kwa wino. Karatasi ya mafunjo ilikuwa ghali, lakini vibanzi vilikuwa bure, na watu hawa, kwa kuwa kazi yao ilikuwa ni kuandika na kuchora juu ya kuta, wengi wao walijua kusoma.

Kutokana na vibanzi hivyo twajua mengi juu yao kuliko tujuavyo juu ya wafalme waliowachimbia. Waligawanywa vikosi viwili, cha kulia na cha kushoto, kila kimoja na nyapara wake, na juma lao lilikuwa la siku 10. Walivuka mlima kwa njia ya miguu ambayo hadi leo yapitika, wakalala katika vibanda vya juu ya kilima hadi mwisho wa juma, ndipo wakarejea kwa wake zao. Patasi za shaba zilikuwa mali ya serikali, zikipimwa kwa mizani zilipotolewa na ziliporudishwa. Tambi za taa zilihesabiwa, kwa sababu ndani ya mlima hakuna jua. Posho yao ilikuwa nafaka, magunia manne ya ngano kwa mwezi kwa kipimo chao, na gunia moja na nusu la shayiri ya kupikia pombe. Kibanzi kimoja, kilichopo sasa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London, ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa Ramesses wa Pili: majina ya mafundi 40 yameandikwa kwa wino mweusi, na juu ya kila siku mtu asiyokuja, sababu yake kwa wino mwekundu. Mmoja anaumwa macho, mwingine ameumwa na nge, mwingine anapika pombe, mwingine amezika, na mwingine amekwenda kumfanyia karani kazi zake binafsi, udhuru ambao karani mwenyewe ameuandika bila ya haya.

Katika mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, katikati ya karne ya 12 K.K., posho ilikawia. Karani wa kijiji wakati huo alikuwa Amennakht, na aliyoyaandika yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Turin, Italia. Siku ya 10 ya mwezi mafundi walizipita kuta tano za ulinzi wa makaburi, wakasema kwamba wana njaa, wakaenda wakaketi nyuma ya hekalu la Thutmose wa Tatu. Wakubwa wakawabembeleza na kuwaapia, nao hawakuondoka hadi usiku. Siku zilizofuata walisogea hadi katika hekalu la Ramesses wa Pili, wakawaeleza makuhani kwamba njaa na kiu ndivyo vilivyowaleta, kwamba hawana nguo, wala mafuta, wala samaki, wala mboga, na wakataka habari hiyo afikishiwe Firauni, bwana wao, na waziri wake. Hata mkuu wa askari wa makaburi, Mentmose, aliyepaswa kuwazuia, aliwashauri wakusanye vyombo vyao, wafunge milango, wawachukue wake na watoto, na yeye mwenyewe awatangulie. Posho ya mwezi uliopita ikatolewa. Lakini haikuwa mara ya mwisho. Mwaka huo huo waliketi tena na tena, na waziri akapeleka ujumbe kwamba maghala hayana kitu. Huu ndio mgomo wa kazi wa kale kuliko yote ambao maandishi yake yametufikia.

Matembezi huishia Medinet Habu, hekalu la Ramesses huyo huyo wa Tatu, na mgeni aliyetoka kijijini hulitazama kwa macho mengine. Kuta zake ni ndefu na nene, na michoro yake imekatwa kwa kina kirefu kuliko mahali pengine popote, labda kwa kuwa mfalme alikwisha ona jinsi majina yanavyofutika. Kwenye ukuta wa kaskazini anawashinda watu wa baharini katika mwaka wake wa nane. Maadui wanaanguka majini wakiwa wamepindana, na mikono iliyokatwa inahesabiwa na makarani mbele yake. Ukutani hapo hakuna ghala tupu. Wala hakuna habari ya wanawake na watumishi wa nyumba yake mwenyewe waliokula njama ya kumwua, ingawa mashtaka yao yamebaki katika mafunjo. Na mwili wake ulipopigwa picha za eksirei, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba alikatwa koo.

Baada yake dola ilidhoofika, na posho iliyokuwa ikikawia ikazidi kukawia. Katika mwaka wa 16 wa Ramesses wa Tisa serikali iliunda tume kuchunguza wizi wa makaburi, na mwashi mmoja, Amenpanufer, alikiri kwamba yeye na wenzake walilivunja kaburi la mfalme wa kale Sobekemsaf, wakaibandua dhahabu mwilini mwake na kuyatia moto majeneza. Akaongeza kwamba alipokamatwa mara ya kwanza alitoa fungu lake la dhahabu kuwa mlungula kwa karani wa gati, akaachiliwa, na wenzake wakamgawia tena ili wote wawe sawa. Mwaka uliofuata baadhi ya mafundi wa Deir el-Medina wenyewe walitiwa hatiani. Kisha majambazi kutoka jangwa la magharibi wakawa tishio, kijiji kikahamwa, na watu wake wakahamia ndani ya kuta za Medinet Habu. Nyuma ya hekalu, katika pembe isiyotembelewa sana, zimesimama nguzo nyembamba za nyumba moja ya wahamiaji hao, nayo ni ya Butehamun, karani wa makaburi, kilembwe wa kizazi cha yule Amennakht aliyeuandika mgomo.

Kazi ya Butehamun ilikuwa ya huzuni. Makuhani wakuu wa Amun, ambao sasa ndio watawala wa kusini, walikwisha kata shauri kwamba Bonde la Wafalme halilindiki, nao pia walikuwa na haja ya dhahabu. Basi makaburi yakafunguliwa kwa amri, mali ikachukuliwa kwa daftari, na wafalme wakavuliwa, wakavikwa sanda mpya na kuandikwa majina ili wasipotee. Juu ya sanda ya Ramesses wa Tatu yamo maandishi yasemayo kwamba kuhani mkuu Pinedjem alimtuma Butehamun pamoja na mwenzake waushughulikie mwili wa mfalme huyo. Maiti zilihamishwa kutoka kaburi hadi kaburi, mwishowe nyingi zikatiwa katika shimo moja la siri karibu na Deir el-Bahari, zikakaa humo hadi watu wa ukoo wa Abd el-Rassul wa kijiji cha Qurna walipoligundua, wakawa wauza kidogo kidogo vitu vilivyomo, mpaka siri ikafichuka, na tarehe 6 Julai 1881 Émile Brugsch akateremshwa kwa kamba na kukuta Seti wa Kwanza, Ramesses wa Pili na Thutmose wa Tatu wamelala pamoja. Meli iliyowachukua kwenda Kairo ilisindikizwa na vilio vya wanawake wa vijijini kandokando ya Nili. Tarehe 3 Aprili 2021 wafalme na malkia 22, Ramesses wa Tatu akiwa mmoja wao, walihamishwa tena kwa maandamano rasmi kwenda katika jumba jipya la makumbusho huko Fustat.

Hivyo ukoo mmoja wa makarani wa kijiji uliandika deni la mfalme akiwa hai, na vizazi vichache baadaye ukamvika sanda yake ya mwisho na kuliandika jina lake lisipotee. Ukuta wa Medinet Habu, pamoja na kina cha michongo yake, haukumlinda mfalme huyo na kisu wala na wezi, na hautuambii neno juu ya mambo hayo mawili. Aliyetuambia ni karani, kwa wino wa bei rahisi, juu ya mafunjo na sanda. Waelekezi wanaolijua jambo hili huwasihi wageni wao wasikatize adhuhuri, na nasaha yao ni ya kufuatwa: mtu aliyejaliwa siku moja tu ng'ambo ya magharibi, na akawa hana budi kuacha kitu, aache kaburi moja la mfalme, asikiache kijiji.